Wimbo Uliosomwa Mbele ya Mama Mkwe

Sindo,
13 Februari 2024

Kwa Mama Phelesia,

Mama, nakusalimu kwa heshima, hata kama kiti ninachokalia hukioni. Huku nyumbani watoto hawajambo. Lynnet naye hajambo, isipokuwa tangu Jumapili hasemi nami, anasema na sufuria. Miguu yako iliamkaje? Nimeambiwa ulitembea hadi stendi kwenye jua lile bila kunywa hata maji, na hilo limenikosesha raha kuliko mengine yote.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwa simu siwezi. Nitaanzaje kuitoa sauti yangu mbele ya mama mkwe nizungumze mambo kama haya? Na Kijaluo changu ni cha kuombea chumvi tu, ningezidi kuharibu. Kiswahili si cha kwenu wala si cha kwetu Ukuryani. Labda kitatuamulia.

Sikujua kama utakuja. Lynnet alikuwa amenificha ili nifurahi nikikuona. Wahudumu wa mlangoni nao, kwa kuona wewe ni mgeni, wakakupeleka benchi ya mbele kabisa. Mimi nilikuwa katika Jumapili ya pili ya kufundisha ule wimbo wa mapenzi ulio katikati ya Biblia, ambao wachungaji walionitangulia hapa wamekuwa wakiuruka. Sikuuchagua kwa utani. Ndoa zinavunjika hapa kanisani, na wasichana wa sekondari wanaacha shule kufuata vijana waliotoka kwenye machimbo ya dhahabu ya Osiri na pikipiki mpya. Wanachokijua kuhusu mapenzi wamekitoa kwenye simu. Nikasema, kama Mungu ameacha ndani ya neno lake shairi zima la mwanamume na mwanamke wanaosifiana, mimi ni nani hata nilifunike?

Nilikuwa nimefika pale mwanamume anapomsifu mpenzi wake, akianzia kwenye nywele, akateremka shingoni, akafika kifuani. Chuoni tulifundishwa kusoma mstari, kisha kuinua macho na kuwatazama watu. Nikainua macho, na wa kwanza kumwona ulikuwa wewe. Ukasimama. Ukachukua mkoba wako ukatoka, na kanisa zima likakusindikiza kwa shingo.

Naomba unisamehe, Mama. Ila sitakudanganya: sijui kosa langu hasa ni lipi. Ni kusoma Biblia? Ukinieleza, nitalipokea.

Mkweo,
Ryoba

*

Sori,
2 Machi 2024

Ryoba mwanangu,

Hujambo wewe na nyumba yako? Wasalimie wajukuu, mmoja mmoja kwa jina. Sisi huku tupo. Ziwa limepanda hadi kwenye vyoo vya watu, omena zipo, na miguu yangu ni ya miaka sitini na saba, usiisingizie jua.

Barua yako ililetwa na Jacktone wa lori la samaki, nayo ilinuka kama lori lenyewe. Siku tatu za kwanza nilitaka kuitia mekoni. Ya nne nikaisoma. Sasa unauliza kosa lako ni nini. Nitakuambia, maana naona masomo yamekuzidi.

Kosa si Biblia. Mimi nimekuwa mama wa kanisa miaka arobaini na moja na Biblia siiogopi. Kosa ni macho. Kwetu mkwe na maro wake, mama wa mkewe, hawapeani mikono wala hawali meza moja, na nikija njiani wewe unavuka upande wa pili. Umeyafanya hayo miaka tisa bila kuambiwa, hata majirani wakasema, huyu Mkuria amelelewa. Halafu Jumapili moja unasimama juu pale, unataja kifua cha mwanamke kwa kipaza sauti, na unanitazama mimi maro wako! Lynnet yuko nyuma yangu, mjukuu wangu wa miaka minane yuko mapajani pangu, na kijana wa Filister jirani yenu ndiye anapiga kinanda. Vizazi vitatu vinasikia mambo ya chumbani chini ya paa moja. Hata kama ni maneno ya malaika, ningetoka.

Kwani kwenu Ukuryani baba hukaa na binti yake wakazungumza hayo? Nijibu kwa ukweli.

Wazee wa ukoo wa marehemu mume wangu wanataka mbuzi. Nimewaambia watulie, mbuzi hafuti kilichokwisha kuonekana.

Jambo lingine, na usimwambie Lynnet. Nilipofika nyumbani niliifungua Biblia yangu ya Kijaluo nikautafuta wimbo huo. Nimeusoma mpaka mwisho. Nikarudia. Wiki hii nimerudia tena. Kwa nini Mungu hatajwi? Na kwa nini mwanamke ndiye anaongea zaidi, na hakuna anayemnyamazisha?

Nijibu kwa barua, si kwa simu. Simu yangu inasomwa na wajukuu kabla yangu. Kwa barua hatuonani, kwa hiyo kila mtu anabaki upande wake wa njia.

Mama Lynnet

*

Sindo,
10 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Salamu zako nimezigawa jina kwa jina, na mdogo amedai apewe mbili. Huku mvua imeanza na paa la kanisa linavuja upande wa kwaya. Pole kwa maji kuwafikia. Je, nyumba yako iko salama?

Umeniuliza kuhusu kwetu. Hapana, Mama. Baba yangu hajawahi kutamka neno kama hilo nikiwa karibu, na mimi nikiwa karibu naye siwezi hata kufunga vifungo vya shati. Nilikuwa nalijua jambo hilo tangu utoto. Nilidhani tu kwamba mlango wa kanisa unalimaliza. Nilifikiri ndani ya kanisa sote ni ndugu, basi hakuna tena mkwe wala maro. Nimekosea, na sasa naliona kosa langu kwa macho yote mawili, hayo hayo yaliyoniponza.

Maswali yako yamenifurahisha kuliko mahubiri yangu mwenyewe. Ni kweli, Mungu karibu haonekani mle. Mwenyekiti wa wazee wetu, Mzee Javan, anasema hiyo ndiyo sababu tuusome kuhusu Kristo na kanisa lake tu, au tuuache. Simkatalii. Watu wa Mungu wameusoma hivyo tangu zamani na wamepata chakula. Lakini nasema tusiwaruke wale wawili kwa haraka ya kufika mbinguni. Ni mwanamume na mwanamke kweli, wanatafutana na kupotezana na kuitana kwa majina mazuri, na Mungu hakuona aibu kuwaweka kwenye kitabu chake. Kuhusu mwanamke kuongea zaidi, nami nimeshangaa. Hakuna mahali pengi katika Biblia ambapo mwanamke anasema anachotaka kwa urefu hivyo.

Sasa habari mbaya. Wazee wamesimamisha masomo hayo. Wanataka niweke sahihi kwamba sitaufundisha wimbo huo tena hapa, na nikikataa wamwandikie askofu nihamishwe. Kikao ni Jumamosi tarehe 11 Mei. Sitaweka sahihi, Mama. Nikikubali kufunga ukurasa mmoja wa Biblia kwa sababu ya hofu, nitashindwa kuufungua mwingine wowote nikiwa na uso mkavu. Lynnet ameanza kuhesabu maboksi ya kuhamia.

Mkweo,
Ryoba

*

Sori,
24 Machi 2024

Ryoba,

Amani iwe kwenu. Nyumba yangu iko salama, maji yamesimama kwenye banda la kuku. Kifua kilinibana wiki jana nikanywa dawa, sasa napumua.

Wewe una kiburi. Nimeanza na hilo ili lisikupite. Kukataa sahihi ni sawa, lakini wewe unataka pia ushinde, unataka Mzee Javan akae benchi ile ile umsomee kifua. Hutaki kujifunza namna, unataka haki tu.

Nisikilize nikueleze namna. Nilipokuwa msichana kwetu kulikuwa na nyumba ya bibi, tunaiita siwindhe. Wasichana wote wa boma tulilala humo. Bibi yetu hakuwa na meno, lakini hakuna jambo la mwanamume na mwanamke ambalo hakutuambia, na kwa maneno wazi kuliko hayo yako. Tulicheka hadi tukaumwa mbavu. Asubuhi tukikutana na baba zetu, tunainamisha vichwa kana kwamba hatujui chochote, nao wanajua kwamba tunajua. Wavulana nao walikuwa na kwao na wazee wao. Hakuna aliyenyimwa mafundisho na hakuna aliyeaibishwa. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema Wajaluo hatuzungumzi mambo hayo, anakudanganya. Tunazungumza sana. Tunachagua tu nani awe amekaa wapi.

Nimekuuliza kwa nini mwanamke anaongea zaidi, nawe ukanijibu kwamba umeshangaa. Miaka minne ya chuo, umeshangaa! Hukuona anaongea na nani? Anaongea na wasichana wenzake. Mara tatu anawageukia anawaonya wasiyaamshe mapenzi kabla hayajawa tayari. Na anataja nyumba ya mama yake, kwamba huko ndiko alikofundishwa. Mimi nimeona siwindhe tupu mle ndani, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na wewe umekwenda kuuimba sokoni.

La mwisho, na hili ni la mama wa mke wako. Lynnet alinipigia simu akilia. Nikamuuliza, huyu mume wako anayesomea kanisa maneno matamu, wewe amekuambia lipi? Akasema, Mama, tangu Krismasi ananizungumzia mabati. Ryoba, uone aibu.

Mama Lynnet

*

Sindo,
14 Aprili 2024

Mama,

Nakusalimu nikiwa nimechapwa na nimenyooka. Kifua kinaendeleaje? Barabara ya kwenu imekatika mara mbili kwa mvua, kwa hiyo sijui barua hii itakufikia lini. Watoto wanakuulizia. Mzee Javan naye aliugua malaria akapona, nami nilikwenda kumwombea, tukazungumza kuhusu mahindi tu.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, kisha nikaenda kutembea kando ya ziwa. Ni kweli niliuimba sokoni. Ni kweli pia kuhusu mabati. Nilirudi nikamkuta Lynnet anachambua omena uani. Nilikuwa nimejiandaa, nimekariri mambo mengi, lakini nilipomfikia yote yalikimbia. Nikamwambia tu kwamba miaka tisa nikirudi nyumbani huwa naangalia kwanza kama viatu vyake viko mlangoni, na nisipoviona nyumba naiona kubwa mno. Akanitazama kama mtu aliyeona mwizi. Akacheka mpaka akamwaga ungo. Kisha akalia. Sasa anasema nami. Asante, Mama. Ero kamano.

Naandika pia kuomba kitu kigumu. Nimewapelekea wazee ile namna yako: wasichana wafundishwe na kina mama wazee, wavulana na wanaume, na mambo ya wote yafundishwe mbele ya wote. Nilisema ni mawazo yako. Mzee Javan akajibu kwamba kabla ya namna kuna kesi, na kesi ni kwamba mama mkwe aliaibishwa mbele ya kanisa. Aliyeaibishwa asipokuja mwenyewe kuifuta, hakuna mwingine anayeweza kuifuta, na kwa hilo mimi natakiwa niondoke, sahihi au bila sahihi.

Kwa hiyo yote yamebaki mikononi mwako. Najua nakuomba usimame mbele ya wanaume kumi na mmoja na kuzungumza jambo lile lile lililokufanya utoke. Tafadhali, Mama, utakuja tarehe 11?

Mkweo,
Ryoba

*

Sindo,
4 Mei 2024

Mama,

Salamu tena. Jacktone anasema alikupa barua yangu mkononi wiki mbili zilizopita, ukaiweka kwenye kanga. Hatujapata jibu. Lynnet amekupigia, unamuuliza habari za watoto na kukata. Kama ni kifua, tuambie tuje.

Kama ni ombi langu, nalirudisha. Nimefikiri tena nikaona kwamba nilikuaibisha mara moja kwa bahati mbaya, na sasa nilikuwa naomba kukuaibisha mara ya pili kwa kusudi, ili mimi nibaki na mimbari yangu. Baki nyumbani, Mama. Tutahama, na huko tutakakokwenda utakuja kututembelea kama kawaida, nami nitavuka njia.

Mkweo,
Ryoba

*

Sori,
7 Mei 2024

Ryoba,

Hatujambo. Kifua si kitu. Natumai nanyi mko salama.

Nimeandika barua mbili nikazichana. Hii ya tatu nitaimaliza hata ikiwa mbaya.

Unaomba nije niseme kwamba sikukasirika. Sasa nitakuambia kilichonitoa kanisani siku ile, kwa sababu yale ya macho ni kweli lakini si yote. Nilitoka kwa sababu nilitaka kulia, na sikutaka kulia mbele ya kwaya.

Mwaka wa 1974 nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa natoka kisimani na dada yangu. Vijana wanne wa ukoo wa Nicholas, baba yake Lynnet, walinikamata mikono wakanivuta hadi kwao. Ndivyo ilivyofanyika siku hizo, wazazi walikuwa wamekwisha kukubaliana, na mimi nilipiga kelele kama ilivyotakiwa, ila zangu zilikuwa za kweli. Nicholas hakuwa mtu mbaya. Sitaki umfikirie vibaya, maana amelala kaburini miaka sita na hawezi kujitetea. Hakunipiga. Aliwasomesha watoto sita kwa nyavu zake mwenyewe. Nilipougua mwaka wa 1998 alinibeba mgongoni hadi zahanati. Lakini katika miaka arobaini na nne hakuniambia neno. Sizungumzii maneno makubwa. Hata kwamba chakula ni kitamu hakuniambia, alikuwa anasukuma sahani ikiwa tupu, na mimi nilijifunza kwamba sahani tupu ni sifa.

Halafu naja kuwaona wajukuu wangu, nakaa mbele kama mgeni wa heshima, na mkwe wangu anasoma kwamba Mungu ameandika maneno yale. Kwamba yalikuwepo muda wote. Kwamba nilikuwa na Biblia ile ile chini ya mto miaka arobaini na moja, na hakuna mchungaji aliyenionyesha ukurasa. Nilikuwa na wivu, Ryoba. Nilimwonea wivu mwanamke wa ndani ya kitabu.

Haya nayaandika kwa sababu huoni uso wangu. Siwezi kusimama mbele ya Javan nikayasema, na bila kuyasema nitakuwa nasema uongo. Usinitegemee tarehe 11.

Mama Lynnet

*

Sindo,
13 Mei 2024

Mama Phelesia,

Sijui nianze vipi kukusalimia leo. Ulifika salama? Lynnet anasema umelala siku nzima jana, na hilo ni haki yako.

Ulipoingia Jumamosi na Filister na wale kina mama wawili wa Sori, nilikuwa nimekwisha kutolewa nje. Waliniweka kwenye kibanda cha shule ya Jumapili. Hukuniona, na nimeambiwa ulikaa ukiupa mlango mgongo ili usinione hata kwa bahati mbaya. Lakini madirisha ya kanisa letu hayana vioo, kwa hiyo nilisikia. Najua hutapenda, lakini nataka ujue kwamba nilisikia, na kwamba Kijaluo kile, ingawa mimi ni wa kuombea chumvi, nilikielewa chote.

Mzee Javan alikuuliza kama ulikosewa. Ukasema ndiyo, nilikosewa. Kisha ukasema, lakini huyu Mkuria si wa kwanza kunikosea. Ukawauliza kina mama uliokuja nao, nani kati yenu amewahi kumkalisha mjukuu wake wa kike akamfundisha? Ukasema, tuliambiwa siwindhe ni ushenzi tukaiacha, tukadhani kanisa litafundisha, na kanisa nalo likanyamaza. Kazi ilikuwa yetu. Kijana huyu ameliokota jembe letu lililolala shambani, akalima vibaya kwa sababu si lake. Mkitaka kumtoza mtu, tutozeni sisi bibi.

Mzee Javan akakohoa kwa muda mrefu. Akakuita binti wa kwenu, akauliza, sasa unataka nini, nyar Karungu? Ukasema, nataka wasichana. Likizo ya Agosti, alasiri, bila mwanamume yeyote karibu. Na wavulana mtawafundisha ninyi, kama kuna lolote mnaloweza kuwaambia. Mtu mmoja akacheka, nafikiri ni mhasibu wa kanisa, wengine wakamfuata, na hapo nikajua kwamba hatutahama.

Hukusema hata neno moja la yale uliyoniandikia. Nimeifungia barua hiyo mahali ambapo hata Lynnet hatafika.

Wazee wameamua hivi: wimbo utafundishwa, kila kundi na walimu wake, nami nitawafundisha wanaume, Mzee Javan akiwepo kunisimamia. Tulianza jana baada ya ibada. Nilikuwa nimejiandaa kujibu mashambulizi. Mzee Javan alisikiliza hadi mwisho akiwa amefumba macho, kisha akauliza mbele ya wanaume thelathini, Mchungaji, mtu akiwa ameoa miaka hamsini, anaanzia wapi? Hakuna aliyecheka, Mama. Wote walinisogelea kusikia jibu. Nikawaambia waanze na chakula. Mtu akila, aseme kwamba ni kitamu.

Mkweo anayekushukuru,
Ryoba

*

Sindo, nyumbani kwa Filister,
25 Agosti 2024

Mwanangu Ryoba,

Nakuandikia nikiwa umbali wa kurusha jiwe kutoka kwako. Nasikia kengele yako ya asubuhi na nasikia watoto wako wakigombana. Filister ananicheka kwamba natuma barua nyumba ya tatu, lakini tumezoea hivi na inatufaa. Kulala kwako haiwezekani, unajua. Afya yangu ni nzuri, na Filister anapika vizuri, nami namwambia.

Masomo yamekwisha jana, shule zinafunguliwa kesho. Tulianza na wasichana wanane, wa kwanza walikuja kwa kulazimishwa na mama zao, wakakaa wakiangalia simu. Nikawaambia nitawasimulia mambo ambayo bibi yangu asiye na meno alinisimulia. Simu zikaingia mifukoni. Wiki ya pili walikuwa kumi na wanne. Tumeusoma wimbo wote polepole, sura kwa sura, kwa Kijaluo na kwa Kiswahili. Niliwafundisha kama ulivyosema, kwamba ni watu wawili kweli, na kwamba Mungu hakuona aibu. Nikawafundisha pia kusubiri, maana mwanamke yule analirudia hilo na mimi sikulipunguza. Walicheka sana. Waliuliza mambo ambayo sitayaandika hata kwa barua.

Jana, tukiwa tunamaliza, msichana mmoja anaitwa Mourine, wa kidato cha tatu, aliinua mkono. Nimeambiwa kuna mtu wa machimbo anayemsumbua awe mke wake, na mama yake ameanza kukubali. Akaniita bibi, akaniuliza, dana, wewe uliolewa na mtu aliyekuambia maneno haya?

Filister akataka kumkemea. Nikamzuia. Ningeweza kumdanganya, Ryoba, na ingekuwa somo zuri. Nikamwambia hapana, mjukuu wangu. Niliolewa na mtu mwema, nilimpikia miaka arobaini na nne, nikamzika na kumlilia. Lakini sikuambiwa, na mimi pia sikumwambia, kwa sababu hakuna aliyetufundisha kwamba inaruhusiwa. Ndiyo maana nimewafundisha ninyi. Ili mtu akija na pikipiki yake, msikilize kwanza kama ana neno.

Mourine akasema, wa kwangu husema tu njoo.

Kisha msichana huyo akachukua Biblia yangu mapajani mwangu, akafungua pale mwanamume anaposifu, akasema, dana, kaa vizuri. Akasoma. Akampa aliyemfuata, naye akasoma, na mwingine, wote kumi na wanne kwa zamu, wakinisomea mimi. Nywele, nazo zangu ni nyeupe. Shingo. Nilidhani wangecheka wakifika kwenye meno, kwa sababu yamebaki machache. Hawakucheka. Walisoma kila kitu kama kilivyoandikwa, hawakuruka mahali, na kila aliyemaliza alitaja jina langu, Phelesia, kama mtu anayemwita mwenziwe.

Nina miaka sitini na saba, mwanangu. Jana nimeambiwa.

Mama yako